Ukunda ilivyokula kumbukumbu ya seva

Pasaka hii mwenye hoteli moja ndogo ya Diani alinipigia alfajiri: "Mwanangu, ile mashine imelala tena." Wageni wanabuku, ukurasa haufunguki. Programu nilirithi kwa mtu mwingine: PHP juu ya Apache, seva ya gigabaiti 1 tu.

Kuielewa ilibidi nirudi nyuma. Kabla ya waya wa SEACOM kufika Mombasa Julai 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, kilomita 36,000 juu. Kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde. Sasa piga hesabu. Ukurasa wa kilobaiti 100, saiba ya Ukunda inavuta kilobaiti 4 kwa sekunde: sekunde 25. Seva huko Marekani imeutengeneza kwa sekunde 0.2, lakini Apache ya prefork humpa kila mteja prosesi yake, na prosesi haiondoki mpaka karibu ukurasa wote uvutwe. Ni kama feri ya Likoni izuiwe gatini kwa sababu ya abiria mmoja anayeshusha magunia polepole. Prosesi ya megabaiti 20, wateja 25 wa polepole, megabaiti 500 zimekwisha. Juu yake kulikuwa na KeepAliveTimeout, sekunde 15 katika Apache 2.0, za kukaa bure tu.

Huko Urusi Igor Sysoev alikuwa na shida ya namna hiyo pale Rambler. Mwaka 2004 akatoa nginx, ambayo prosesi moja huhudumia maelfu. Kwa hesabu yao wenyewe, miunganisho 10,000 iliyotulia hula kama megabaiti 2.5. Watu wengi wakaiweka mbele ya Apache: Apache inamwaga ukurasa haraka, inaachiwa, nginx inabaki na mteja wa Ukunda.

Basi nikafungua seva ya hoteli. Nikakuta MaxClients 256 (jina la zamani hilo, tangu Apache 2.4 ya 2012 linaitwa MaxRequestWorkers). Amri ya ps ilisema kila prosesi ina megabaiti 38. Usiiamini sana! Inahesabu maktaba zile zile mara nyingi, ilhali prosesi zote zinazitumia kwa pamoja. Soma Pss kwenye smaps, ipo tangu Linux 2.6.25 ya mwaka 2008. Hiyo hugawa kilicho cha wote. Nikapata 22. Mara 256 ni zaidi ya gigabaiti 5, ndani ya moja! Kumbukumbu ikiisha, keneli huchagua wa kuua, na mara nyingi humpata aliyenenepa. Kwetu akawa MySQL, yaani bukingi zote.

Nikashusha hadi 25, nginx mbele. PHP yenyewe ilikuwa 5.6, kuihamishia 7 kumechukua wiki mbili za matusi ya kimya kimya, ila toleo hilo la 2015 lilipunguza kila kigeugeu kutoka baiti 24 hadi 16, na prosesi zimekonda hadi 13.

Waya upo, lakini simu ya mtu aliye ndani huko Msambweni yenye mnara mmoja hafifu bado inavuta kama saiba ile. Jumapili ya juzi niliwahesabu: wateja 61 wa polepole kwa wakati mmoja, Apache inatumia prosesi 4.