Mkuki Nyuma ya Mlango

Nyumbani kwa babu yangu, Getanuwas wilayani Hanang, mkuki husimama nyuma ya mlango. Likizo iliyopita nilimsimulia kwamba siku hizi mjini mtu huomba leseni chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015, akanunua bastola na kuificha kiunoni. Babu akashangaa: "Sasa mwizi atajuaje kwamba unayo?"

Swali hilo nilirudi nalo chuoni. Sisi Wabarabaig, tawi la Wadatoga, Wamasai walituita Mang'ati, yaani maadui. Mkuki ulibebwa hadharani ili anayekuja auone mapema na pengine ageuze njia. Jirani zetu Wairaqw wa Mbulu walijilinda kwa kujificha: walichimba nyumba ndani ya mteremko na kufunika paa kwa udongo, mvamizi apite asione watu wala ng'ombe.

Lakini mkuki haukuwa wa kuonyesha tu. George Klima, aliyeandika kitabu kuhusu Wabarabaig mwaka 1970, anaeleza jinsi kijana aliyeua simba au adui alivyotukuzwa na kuzawadiwa ng'ombe. Neno "adui" ndilo linalonisumbua. Mara nyingine lilimaanisha mpita njia ambaye hakuwa amemkosea mtu yeyote.

Nimemuuliza babu mara mbili kama mkuki wake uliwahi kumpata mtu. Mara zote mbili aliniagiza mafuta ya kuupaka.