Gitaa la babu, fundi wa Viwanja Sitini na ujanja uliotoka Hawaii

Wadau, leo tuache kidogo habari za nani kaachana na nani. Nina stori ya gitaa. Majina sitaji, wenyewe hawapendi kuanikwa mtandaoni, ila watu wa Viwanja Sitini hapa Ifakara wakisoma watajua tu nawazungumzia kina nani.

Babu yangu miaka yote anasema alikuwa mpiga solo. Sio rizimu, sio besi. Solo! Shida ni kwamba hana picha hata moja na bendi yao haikuwahi kurekodi. Kwenye bao kuna mzee mwenzake anamtania mbele yetu wajukuu: "Huyu alikuwa mbeba maspika." Babu anacheka, lakini mimi namjua, ile kitu inamuuma. Ushahidi wake pekee ni gitaa la umeme bovu, limefungwa kwenye shuka juu ya kabati.

Mwaka jana mjomba akapata mteja wa kulinunua aliweke ukutani kama pambo la baa. Nikamwomba anipe miezi mitatu nilipeleke kwa fundi kwanza. Akakubali, ila akasema siku zikiisha halijapiga, linauzwa.

Kwa nini gitaa ni kitu kikubwa hivyo? Turudi nyuma. Kabla ya Bongo Fleva, mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa moto kwenye muziki wa dansi. Morogoro Jazz ilianzishwa 1944. Mpinzani wake alikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye alifariki 1965 kwa ajali ya gari. Kisha akang'aa Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo wa Morogoro Jazz, na mwaka 1970 bendi ikaenda hadi Japan kwenye maonyesho ya Osaka. Fikiria, vijana wa Moro wako Osaka na magitaa yao! 1973 akaanzisha Super Volcano, na 1979 naye akafariki kwa ajali ya gari huko Kenya.

Kwa hiyo kijana wa bonde la Kilombero wa enzi hizo akisema anataka kuwa mpiga solo, ni kama wewe leo useme unataka kuwa Diamond. Ila bendi nyingi vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, awe tajiri au shirika. Ukihama, unaacha gitaa unaondoka na vidole vyako. Babu aliuza magunia ya mpunga, akaenda Moro mjini, akarudi na gitaa lake mwenyewe, tena la mtumba. Halafu ikaja ile miaka ya mwisho wa 1970 na mwanzo wa 1980, fedha za kigeni hakuna, madukani hakuna kitu. Uzi ukikatika anasema walikuwa wanachambua waya wa breki za baiskeli. Ukifa umeme ndani ya gitaa, ndio basi tena.

Fundi wetu ni mzee wa redio, kibanda chake kimejaa maspika mpaka darini. Alilifungua gitaa taratibu kama anamvua mgonjwa bandeji. Akanionyesha kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi. Ndani kuna sumaku, zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye huo waya, unakwenda kwenye amplifaya, unatoka kama muziki. Wa babu mita haikusoma kitu. Waya ulikuwa umekatika ndani kwa ndani.

Akatafuta waya mwembamba, akafunga kidude kwenye drili ya mkono na kuanza kuuzungusha upya. Kuhesabu je? Alichukua kikokotoo, akaandika 1+1, akaunganisha waya kwenye kile kitufe cha jawabu, kila mzunguko kinaongeza moja chenyewe. Nilibaki mdomo wazi. Hakuna chuo alichofundishwa ile.

Umeme ukapona. Mwili sasa ndio ukaleta utata. Unyevu wa masika yetu ulikuwa umelegeza gundi na kupindisha shingo. Na vile vyuma vyembamba vya shingoni, unapobonyezea uzi, vilikuwa vimelika. Fundi akaviangalia muda mrefu kisha akaniita.

"Tazama. Huku mwanzoni, anakopiga wa rizimu, vimelika kidogo tu. Huku juu karibu na mwili vimechimbika. Aliyelipiga hili alikuwa anapiga solo."

Aisee, nusu niruke! Kumbe ushahidi ulikuwa juu ya kabati siku zote. Lakini akanikata maini: ili gitaa lipige vizuri, vyuma vile ni lazima vitolewe viwekwe vipya. Yaani nikitaka lipige, nafuta ushahidi. Nikiacha ushahidi, halipigi, na mjomba anauza. Akamalizia kwa upole: "Na kumbuka ni la mtumba. Vyuma vinasema solo, havisemi nani."

Usiku ule sikulala, nikazama kwenye simu kusoma historia ya magitaa. Ndipo nikakutana na Hawaii. Mwishoni mwa miaka ya 1800 kijana wa huko, Joseph Kekuku, alijulikana kwa kulaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, bila kubonyeza. Mtindo ukasambaa Marekani, na mwaka 1932 gitaa la umeme lililoanza kuuzwa na kampuni ya Rickenbacker lilikuwa la kulaza hivyo. Baadaye wakaliwekea miguu na pedali za kukanyaga ili kubadilisha sauti. Ile sauti inayolia kama mtu kwenye country za Don Williams wanazopenda wazee wetu, ndiyo hiyo.

Sasa nisikilizeni. Gitaa la kulaza vyuma vya shingoni haviguswi, vinabaki alama tu. Na vidole vya babu vya kushoto siku hizi havikunji.

Asubuhi nikampelekea fundi. Akawaza, akachonga kipande cha mninga, akakiweka kichwani mwa shingo kuinua nyuzi zote juu. Shingo akaigundisha upya, vyuma vilivyolika hakuvigusa. Kipande cha kutelezesha akakipata kwenye bomba la chuma, akakisugua mpaka king'ae.

Zilibaki siku nne miezi mitatu iishe. Tukamweka babu kwenye kiti mbele ya kibanda, gitaa mapajani. Mwanzo ilikuwa kelele tupu, wapita njia wakacheka. Babu akaomba nyuzi zishushwe kidogo, akafumba macho. Halafu likatoka pambio moja fupi, linapanda, linakwama, linashuka. Sikuwahi kulisikia popote.

Yule mzee wa bao alikuwa amesimama nyuma na baiskeli yake. Akaanza kugonga tandiko kwa kiganja, ile rizimu ya chini, hajakosea hata mahali pamoja. Wimbo ambao haukurekodiwa, haukupigwa redioni, kaujua vipi kama hakuwepo? Na kama alikuwepo, alimwona nani akiupiga?

Mjomba hajaongea tena habari za baa. Kwenye bao babu sasa anaitwa "Solo". Kama bado wanamtania au la, hajauliza, na akiitwa anaitika.

Wewe kwenu kuna nini juu ya kabati? Kawaulize wenyewe wakiwa bado wapo.