Mchuzi wa Samaki na Manjano: Nani Alituletea?

Wadau, siku hizi mitandaoni tunauziwa manjano kama kitu kipya. Wee! Ayurveda, tiba ya kale ya India, ina zaidi ya miaka 2,000 ikisema mwenye baridi ale cha moto, na tangawizi, manjano na bizari ziamshe tumbo. Viungo hivyo vilivuka bahari kwa majahazi hadi Pwani, kisha wenye maduka, Wahindi kwa Waarabu, wakavipandisha bara. Majina yao hayamo kwenye stori zetu.

Leo Kifanya, na baridi lile la Njombe, ukiunga mbasa wa Ziwa Nyasa kwa tangawizi, umewafuata. Ila Ayurveda inakataza samaki na maziwa pamoja, na Njombe maziwa ndiyo kwao! Weka tui la nazi. Mtindi unywe kesho.