Ufa chini ya tairi

Wadau, leo naandika kutoka Wote kuhusu gurudumu la ndege ndogo. Ni nusu mbili zilizofungwa kwa boliti, na ufa na kutu hupenda kuanzia chini ya tairi, pasipoonekana. Fundi hutoa upepo kwanza ndipo alegeze boliti. Akigeuza mpangilio huo, linaweza kumlipukia. (Programu yangu ikikwama, naiwasha upya tu!)

Mwishoni mwa karne ya 19, mafundi wa reli walilowesha vyuma kwa mafuta, wakavifuta, wakapaka chaki. Mafuta yaliyobaki ndani ya ufa yakachora mstari. Baadaye ikaja sumaku. Lakini alumini haishikwi na sumaku! Basi, miaka ya 1940, ndugu wawili Switzer wa Marekani wakalifufua wazo la reli kwa rangi inayong'aa kwenye mwanga wa urujuanimno. Ila rangi ya zamani ya gurudumu itolewe kwanza, maana huziba ufa.