Bawabu na Sheria Yake

Kila soko lenye ukuta lina mlango, msomaji, na penye mlango hapakosi bawabu. Bidhaa ikikataliwa mlangoni, mwenyewe ana haki ya kuuliza, "Nimevunja sheria gani?" Sikiliza jinsi swali hilo lilivyoulizwa katika soko lisilo na vibanda wala mizani.

Tarehe 10 Julai, 2008, kampuni ya Apple ya Marekani ilifungua soko la programu za simu yake, iPhone. Siku ya kwanza zilikuwamo programu 500 hivi. Mtungaji aliyeuza programu alipata sehemu 70 katika kila 100 za bei, na kampuni ikatwaa 30. Lakini kwanza programu ilipasa kukaguliwa na watumishi wa kampuni. Wala hapakuwa na soko jingine lililoruhusiwa kwa simu ile.

Watungaji walitia sahihi mkataba; walakini vipimo walivyotumia wakaguzi havikutangazwa. Mtu aliweza kufanya kazi miezi mingi, kisha akakataliwa asijue la kurekebisha.

Mark Fiore, mchoraji wa katuni za siasa, alionja uchungu huo. Katika Desemba 2009 programu yake ilikataliwa kwa sababu katuni zake ziliwadhihaki watu mashuhuri. Katika Aprili 2010 akapewa tuzo ya Pulitzer kwa sanaa iyo hiyo. Habari za kukataliwa kwake zilipoenea, Apple ilimtaka ailete programu tena, nayo ikakubaliwa. Katuni hazikubadilika; kilichobadilika ni sifa ya mchoraji. Je, mtungaji asiye na tuzo angefanyaje?

Jibu lilianza kuonekana katika Septemba 2010. Mwezi huo Apple iliwatolea watungaji kanuni zake za ukaguzi kwa mara ya kwanza, ikataja na baraza la kupelekewa rufani. Kanuni hizo ziliwaruhusu wenye kazi ya dhihaka za siasa kuendelea na kazi yao.

Usidhani, msomaji, kwamba ugomvi ulikwisha hapo. Bawabu alibaki mlangoni, na watu waliendelea kukataliwa. Lakini tangu siku hiyo aliyekataliwa aliweza kuishika kanuni mkononi, akaonyesha mstari, na kudai jibu. Kabla yake alikuwa mwombaji tu. Sasa alikuwa na hoja.