Mtengeneza Sinema Aliyeshika Mkasi

Pahlaj Nihalani alitengeneza sinema mjini Bombay miaka mingi kabla ya kukabidhiwa mkasi. Aankhen yake ya 1993 ilipendwa mno; Andaz, ya 1994, ilishutumiwa kwa nyimbo zenye mafumbo machafu. Huyo ndiye aliyefanywa mwenyekiti wa halmashauri ya kukagua filamu ya India Januari 2015. Yafaa ikumbukwe ya kuwa tangu 1983 jina la halmashauri hiyo lataja utoaji wa vyeti tu, wala si uzuiaji.

Mkasi haukutulia. Mabusu ya Spectre yalifupishwa. Mwaka 2016 Udta Punjab, isimuliayo maafa ya madawa ya kulevya, ilidaiwa ikatwe mahali pengi. Mahakama Kuu ya Bombay ikaipitisha kwa kukatwa mahali pamoja. Mwaka 2017 Lipstick Under My Burkha, iliyoeleza matamanio ya wanawake, ilinyimwa cheti hata baraza la rufani lilipoingilia.

Agosti 2017 akaondolewa. Wengi humwita mnafiki. Mimi naona alikuwa mfanyabiashara aliyezoea kuwadhania watazamaji kuwa wepesi wa kuvutwa. Mwaka 2018 halmashauri ileile iliitaka sinema yake, Rangeela Raja, ikatwe, naye akaenda kushitaki katika Mahakama Kuu ileile.