Hela: Sarafu Iliyohamia Midomoni

Mshairi akitaka kutaja mali, huandika fedha au pesa. Hela huiepuka, akiiona ni neno la kijiweni. Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili niliona insha nyingi ambamo neno hilo limekatwa kwa wino mwekundu. Ningependa kuitetea hela, kwa kuwa nasaba yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Katika mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, zilifuliwa tangu Enzi za Kati sarafu ndogo za fedha, zenye kiganja cha mkono upande mmoja na msalaba upande wa pili. Watu waliziita Heller, yaani za Hall. Kadiri karne zilivyopita, fedha ilipunguzwa na shaba ikaongezwa, hata Heller ikawa jina la sarafu duni kabisa.

Jina hilo lilifika kwetu mwaka 1904. Kabla ya hapo, katika koloni la Wajerumani, rupia 1 ya fedha iligawanywa kwa pesa 64, kwa hesabu iliyotoka Bara Hindi. Serikali ya kikoloni ikaiacha hesabu hiyo, ikaamuru rupia 1 iwe na Heller 100. Ndimi zetu zikaimalizia kwa irabu: hela.

Huku Ngara na Biharamulo, sarafu hizo hazijapotea zote. Katika kisanduku changu ninazo chache, mojawapo hela 1 ya shaba yenye taji la kifalme na maneno Deutsch Ostafrika. Lakini ushahidi mkubwa zaidi haumo kisandukuni. Vuka mpaka wa Ngara uingie Burundi, usikilize sokoni. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwaondoa Wajerumani. Ikaja faranga, nayo ndiyo sarafu ya nchi hiyo hadi leo. Hata hivyo, Mrundi hulipa faranga huku akiziita amahera. Sarafu imeondoka, jina limebaki likitawala.

Thumuni nayo ina kisa kama hicho. Kwa Kiarabu ni sehemu ya nane, ilhali sisi tuliita hivyo senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi. Hesabu haikubali mpaka ukumbuke riale ya fedha iliyotumika pwani: thumuni ilikuwa sehemu ya nane ya riale hiyo.

Ninasikitika kuona sarafu za Mjerumani zikisakwa usiku kwa majembe, zikiuzwa kwa siri au kuyeyushwa. Anayenunua huuliza uzito tu. Haulizi ilipatikana wapi, ilikuwa ya nani, wala mwenyewe aliitaje. Na jibu la swali hilo la mwisho likipotea, hakuna mfua fedha awezaye kulifua upya. Mwenye sarafu ya bibi yake na aandike hayo kwenye karatasi, aihifadhi pamoja nayo.

Nanyi washairi, fedha, pesa na hela zote zina mizani mbili. Yoyote yaweza kukaa pale pale katika mshororo. Fedha ni madini yenyewe, pesa imetoka Bara Hindi, hela imetoka Hall. Chagueni kwa maana na kwa sauti, wala msiifukuze hela mkidhani haina kwao.